Paneli ya sola haihitaji joto, yahitaji mwanga

WAVUVI wa usipa katika mwambao wa Ziwa Nyasa, kuanzia Lituhi hadi Mbamba Bay, kwa miaka mingi waliwavuta samaki usiku kwa karabai. Sasa zipo taa za LED zinazochajiwa kwa umeme wa jua. Ni rahisi kudhani kwamba jua likiwa kali paneli hufaidi joto lake, na dhana hiyo humgharimu mnunuzi.

Kinachozalisha umeme ni mwanga. Paneli nyingi hutengenezwa kwa silikoni, ambayo haipitishi umeme vizuri kama shaba wala haiuzuii kabisa kama ubao mkavu. Kila atomu yake hushikamana na jirani zake kwa elektroni 4. Mwanga ukiipiga, elektroni moja huchomoka na kuacha nafasi tupu, ambayo wanafizikia huiita tundu.

Tundu si chembe, lakini husafiri. Tuchukue mfano wa wakulima wa kahawa wa Mbinga walioketi kwenye benchi wakisubiri mizani. Wa kwanza akiinuka, wa pili husogea, kisha wa tatu; watu wanakwenda mbele, ilhali nafasi tupu inarudi nyuma. Elektroni ina chaji hasi, hivyo tundu huhesabiwa kuwa na chaji chanya.

Lakini elektroni ikilikuta tundu hutumbukia humo, na umeme hupotea. Kwa sababu hiyo upande mmoja wa silikoni hutiwa fosforasi kidogo sana, yenye elektroni 5 za nje, na upande wa pili boroni, yenye 3. Mpakani huzuka nguvu inayozipeleka elektroni upande wa fosforasi na matundu upande wa boroni. Ili zikutane tena, elektroni hulazimika kuzunguka kwa njia ya waya, na hapo ndipo betri huchajiwa.

Taa ya LED hufanya kinyume. Betri huzisukuma elektroni na matundu hadi mpakani, na zinapokutana nishati hutoka ikiwa mwanga.

Joto, kwa upande wake, hupunguza volti. Juu ya nyuzi 25 za Selsiasi, paneli ya silikoni hupoteza takriban asilimia 0.4 ya nguvu yake kwa kila nyuzi moja. Ikifikia nyuzi 60, hasara ni kama asilimia 14. Kwa hiyo paneli isilazwe juu ya bati moja kwa moja; iinuliwe kidogo, upepo wa ziwa upite chini yake.