Kijiwe cheusi chenye nuru ndani

Wazee wetu wa pwani walipotaja vito walitaja akiki, feruzi, yakuti na marijani. Siku hizi vidoleni kumezuka kingine: kijiwe cheusi, au cha kijivu kizito, ambacho ukikigeuza juani hutoa samawati na kijani kama mafuta yaliyomwagika juu ya maji. Jina lake labradoraiti. Wako wauzaji wanaokiuza pamoja na maneno yake: kinaondoa husuda, kinafungua riziki, kinamfunulia mvaaji mambo ya ghaibu. Na kwa maneno hayo bei hupanda.

Basi tukitazame, ndugu msomaji, ni kitu gani. Ni katika jamii ya mawe yaitwayo feldispa, ambayo ni mengi kuliko yote katika gamba la dunia. Kilipewa jina la Labrador, huko Kanada, kilikotambuliwa miaka ya 1770. Vingi vinavyouzwa leo hutoka kwa jirani zetu wa Bukini, yaani Madagaska. Nuru yake haitoki kwa jini. Ndani ya jiwe mna matabaka membamba mno, yamelaliana kama kurasa za kitabu kilichofumbwa. Mwanga huingia, ukagonga tabaka hili na lile, ukarudi umegawanyika rangi. Subhana Llah, kwani hilo peke yake halitoshi kustaajabisha?

Wala jamaa za jiwe hili haziko mbali nasi. Mwaka 1893 Mwingereza J. W. Gregory aliondoka Mombasa na wapagazi wa Kizanzibari hadi Mlima Kenya, na baadaye jiwe jeusi la huko, lenye vipande vikubwa vya feldispa, akaliita kenaiti kwa jina la mlima. La namna hiyo limeonekana pia kwenye mlima wa moto Erebus, katika barafu ya Antaktika. Halimetameti kama la Bukini, na hakuna sonara anayeligombania. Lakini mvua na joto zikiyala mawe kwa maelfu ya miaka, feldispa hugeuka udongo. Na katika udongo mwekundu wa miteremko ya mlima huo, huko Kanja upande wa Embu, watu hupanda chai na kahawa. Atafutaye riziki ndani ya feldispa, ndiyo hiyo, nayo hutoka kwa jembe.

Pete yenyewe haina ubaya. Imepokewa katika Sahihi Muslim kuwa Mtume (s.a.w.) alivaa pete ya fedha yenye kito cha Kihabeshi, na baadhi ya wanavyuoni wamelifasiri neno hilo kuwa ni rangi nyeusi. Lakini Sayyidna Umar, mbele ya Hajar al-Aswad, alisema analijua kuwa ni jiwe, halidhuru wala halinufaishi, na lau asingalimwona Mtume akilibusu asingalilibusu. Ikiwa hilo ni hivyo, seuze la dukani?

Naye al-Biruni, mwanachuoni wa karne ya 11 aliyetunga kitabu cha vito, alisikia kuwa zumaridi humpofua nyoka. Akamjaribia nyoka kwa miezi, ya joto na ya baridi. Macho ya nyoka yakabaki salama. Laiti kila mnunuzi angekuwa na nusu ya subira hiyo kabla ya kufungua mfuko.

Akipendaye kwa uzuri wake na akivae. Ajue tu kuwa ni laini kuliko akiki: katika kipimo cha ugumu cha Mohs ni 6 hivi, na akiki hukaribia 7. Mchanga hukikwaruza, na kikigongwa vibaya hupasuka. Kivuliwe wakati wa kusugua masufuria.