Kwa Nini Ndege Ndogo Haitumii Muda Uleule Kila Safari

Miongoni mwa malalamiko ya abiria wa ndege ndogo, limo moja linalojirudia kila msimu. Abiria hueleza kwamba alipokwenda alitumia saa moja na dakika chache, lakini aliporudi alitumia zaidi ya saa moja na nusu, ilhali njia ni ileile, ndege ni ileile na nauli haikupungua. Huuliza kama rubani alizembea, au kama kampuni ilipunguza mwendo ili kubana matumizi ya mafuta.

Mara nyingi jibu ni hapana. Katika makala hii tunaeleza mambo yanayoamua mwendo wa ndege ndogo ikiwa angani, ili msafiri aweze kutenganisha uchelewaji uliosababishwa na hali ya hewa na ule uliosababishwa na mtoa huduma. Tunaeleza pia kwa nini ukweli wa msafiri kuhusu uzito wa mzigo wake ni sehemu ya usalama wa safari.

Kasi mbili katika safari moja

Ndege ina kasi mbili. Ya kwanza ni kasi yake ndani ya hewa, na ya pili ni kasi yake juu ya ardhi. Mfano wa karibu ni mtumbwi katika mto Rufiji. Mpiga kasia mwenye nguvu zilezile huenda upesi akifuata mkondo na hukawia akiupanda, ingawa mikono yake haikulegea. Hewa nayo ni mto wenye mkondo wake, nao ni upepo.

Tuchukue safari ya Dar es Salaam hadi Mtwara, ambayo kwa mstari ulionyooka ni takriban kilomita 400. Tuseme ndege inakwenda kilomita 300 kwa saa ndani ya hewa. Pasipo upepo itatumia saa 1 na dakika 20. Upepo wa kilomita 50 kwa saa ukivuma kutoka mbele, kasi juu ya ardhi hushuka hadi kilomita 250, na safari huchukua saa 1 na dakika 36. Upepo huohuo ukitoka nyuma, safari huchukua saa 1 na dakika 9 hivi. Kwa hiyo msafiri wa pwani asishangae kuona kwamba katika miezi ya kusi ndege huelekea kukawia ikienda kusini, na katika miezi ya kaskazi hali hugeuka. Wahenga wa majahazi waliijua kanuni hiyo kabla ya ndege kuwapo.

Injini na ukinzani wa hewa

Marubani hupima kasi kwa noti. Noti 1 ni sawa na kilomita 1.852 kwa saa. Ndege aina ya Cessna 208 Caravan, inayofahamika sana katika safari za Zanzibar, Mafia na Serengeti, husafiri kwa noti 160 hadi 185 hivi, yaani takriban kilomita 300 hadi 340 kwa saa. Ndege ndogo zaidi ya injini ya pistoni, kama Cessna 172, husafiri kwa noti 110 hadi 120 hivi.

Abiria wengine hudhani kwamba rubani akitaka anaweza kufidia dakika zilizopotea kwa kuongeza moto. Hewa haikubali kirahisi. Kadiri ndege inavyokwenda mbio ndivyo hewa inavyoikinza, na ukinzani huo hukua upesi kuliko kasi yenyewe. Ili kuongeza kasi kwa asilimia 10 tu, injini huhitaji takriban theluthi moja zaidi ya nguvu iliyokuwa ikitumia. Mafuta nayo huongezeka, na injini huchakaa mapema. Kwa sababu hiyo watengenezaji huweka viwango vya nguvu za kusafiria, na rubani huvifuata.

Umbo la ndege pia lina sehemu yake. Magurudumu ya ndege nyingi ndogo hayakunjwi, na nyingine hufungwa sanduku la mizigo chini ya tumbo. Vyote hivyo hukinza hewa na kupunguza noti kadhaa, kama ifanyavyo pangaboi iliyochubuliwa na mawe ya viwanja vya changarawe.

Kimo na joto

Kadiri ndege inavyopanda, hewa huwa nyepesi na ukinzani hupungua. Lakini injini nayo huvuta hewa hiyohiyo, hivyo nguvu zake hupungua. Kwa ndege ya pistoni isiyo na kifaa cha kuisukumia injini hewa, kimo chenye kasi nzuri huwa kati ya futi 7,000 na 8,000 hivi. Aidha, vyumba vya abiria vya ndege nyingi ndogo havina mfumo wa kudhibiti mgandamizo wa hewa. Juu ya futi 10,000 mwili huanza kupungukiwa na oksijeni, kwa hiyo rubani hawezi kila mara kupanda juu ili kuukwepa upepo au wingu.

Joto hufanya hewa kuwa nyepesi hata chini. Kiwanja cha Arusha, kilicho takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, mchana wa jua kali huwa kana kwamba kimehamishiwa mlimani. Ndege huhitaji njia ndefu zaidi ya kurukia, na hupanda polepole.

Uzito, na kilo zilizofichwa

Ndege nzito hulazimika kuinua pua kidogo ili ibebwe na hewa, na kwa kufanya hivyo huongeza ukinzani. Angani hasara yake ni noti chache. Hatari iliyo kubwa zaidi ni wakati wa kuruka na kupanda. Mpangilio wa uzito nao una maana: ukielemea mbele mno ndege hukawia, na ukielemea nyuma mno ndege huwa ngumu kuiongoza. Ndiyo sababu abiria hupimwa pamoja na mizigo yao, na hupangiwa viti. Hatua hiyo haina nia ya kumdhalilisha mtu.

Kampuni nyingi za ndege ndogo huweka kikomo cha kilo 15 za mzigo. Iwapo abiria 12 wataficha kilo 5 kila mmoja, ndege itaruka na kilo 60 ambazo hazimo katika hesabu ya rubani. Huyo ni abiria mzima asiyeonekana. Tena, siku ya upepo wa mbele ndege huhitaji mafuta zaidi, pamoja na akiba ambayo haipaswi kuguswa kwa safari ya kawaida. Mafuta yakiongezeka, nafasi ya mizigo hupungua, na begi lako linaweza kusubiri ndege inayofuata.

Rubani anapopunguza mwendo kwa makusudi

Alasiri, karibu na milima na kingo za Bonde la Ufa, hewa huwa na misukosuko. Kila ndege ina kiwango cha mwendo ambacho haifai kukizidi katika hali hiyo, kwa kuwa mitikisiko inaweza kulemea mabawa. Ukisikia mngurumo wa injini umepungua katika hali kama hiyo, tambua kwamba rubani anatimiza kazi yake. Usimhimize, wala usimwahidi chochote ili awahi.

Mambo ya kuzingatia

• Kabla ya kulipa, uliza muda wa kawaida wa safari, na kama ndege itatua kwingine njiani.
• Taja uzito wa kweli, wako na wa mzigo. Tumia begi laini.
• Usipange ndege ya kuunganisha kwa kubana dakika. Ukiweza, chagua safari ya asubuhi.
• Ikiwa begi limeachwa, hakikisha umepewa maandishi yanayoeleza litasafirishwa lini.
• Kumbuka kwamba katika safari ya saa moja, upepo kwa kawaida huongeza dakika, hauongezi saa. Ukisubiri kiwanjani saa tatu kisha ukaambiwa sababu ni upepo wa mbele, una haki ya kuomba maelezo zaidi.
• Ukiona hukutendewa haki, andika tarehe, saa na njia ya safari, hifadhi tiketi, na uwasilishe malalamiko kwanza kwa kampuni. Usiporidhika, yalete kwetu.

Tutamtaka mtoa huduma aeleze kila saa aliyokupotezea bila sababu. Lakini dakika alizozitumia rubani kukufikisha salama, hizo hatutamdai.