Umpe zawadi gani mpenzi wa uwindaji katika nchi isiyoruhusu uwindaji?

MSIMU wa Krismasi na Mwaka Mpya unapobisha hodi, maduka ya Westlands, Lavington na kandokando ya Barabara ya Waiyaki hufurika wanunuzi wenye orodha mikononi. Zawadi ya mtoto haimsumbui mtu. Ya mama nayo aghalabu hujulikana mapema. Lakini kila ukoo, uwe wa Muthangari au wa Kakamega, una yule mmoja anayewakosesha wenzake usingizi: mjomba, shemeji au binti asiyetulia mjini, ambaye Jumamosi alfajiri huwa ameshaondoka kwenda kupanda vilima vya Ngong, kutembea Karura au kulala hemani Naivasha, na ambaye mazungumzo yake hayaishi nyati na chui. Huyo umpe nini?

Anayelitafuta jawabu kwenye intaneti hukumbana na ushauri ulioandikiwa watu wa Marekani, ambako uwindaji ni burudani halali. Ataambiwa anunue jaketi la mabakamabaka, bunduki ya hewa, au kisu chenye mpini wa pembe. Hapa Kenya, baadhi ya zawadi hizo zinaweza kumwondoa mpokeaji kwenye meza ya pilau na kumfikisha kizimbani. Ndiyo maana ni heri kuitazama sheria kabla ya kuitazama bei.

Uwindaji wa burudani ulipigwa marufuku nchini Mei 1977, na mwaka uliofuata biashara ya nyara za wanyamapori ikafungwa. Kabla ya hapo Nairobi ilikuwa makao makuu ya wawindaji wa dunia. Hoteli ya Norfolk, iliyofunguliwa siku ya Krismasi mwaka 1904, ndiko walikokutania kabla ya kuingia nyikani. Rais mstaafu wa Marekani, Theodore Roosevelt, aliwasili mwaka 1909 pamoja na mwanawe Kermit, na kufikia mwisho wa msafara wao katika eneo hili la Afrika wawili hao walikuwa wameua wanyama 512, wengi wao wakapelekwa makavazi. Mwaka 1934 wawindaji wa kulipwa waliunda chama chao cha Afrika Mashariki, kilichovunjwa baada ya marufuku ya 1977. Historia ina kejeli zake: wakati wageni hao wakipigwa picha karibu na mizoga, Wakamba, Wawaata na Waogiek, waliowinda kwa upinde tangu enzi za mababu ili wapate kitoweo, waligeuzwa majangili na sheria ya mkoloni.

Majirani hawakufuata njia moja. Tanzania bado hutoa leseni za uwindaji, nayo Uganda iliurejesha kwa majaribio kandokando ya Ziwa Mburo mwaka 2001. Kwa hivyo msomaji asishangae akikutana na Mtanzania anayezungumzia uwindaji kama anavyozungumzia kandanda. Huku kwetu, mwindaji aliyesalia huwinda kwa macho.

Turejee kwenye orodha ya ununuzi. La kwanza la kuepuka ni kitu chochote kilichotokana na mnyamapori. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 iliweka faini isiyopungua Sh1 milioni, au kifungo kisichopungua miaka mitano, au adhabu zote mbili, kwa anayepatikana na nyara bila kibali. Na nyara si pembe za ndovu pekee. Ngozi, kucha, meno, mifupa na hata manyoya ya ndege wa mwituni yamo. Kidani cha jino la simba kinachouzwa kwa kunong’onezana, au ngozi ya swara ambayo muuzaji anaapa kwamba ni ya zamani, ni mzigo ambao hupaswi kumtwika mtu unayempenda. Nyama ya porini nayo ni vivyo hivyo, hata ikikaushwa vizuri namna gani.

La pili ni mavazi ya mabakamabaka yanayofanana na ya jeshi. Sheria za Kenya humkataza raia kuvaa sare za wanajeshi au mavazi yenye sura ya sare hizo bila idhini. Muuzaji wa mitumba atakwambia kwamba hayo ni mavazi ya wawindaji kutoka Ulaya, na huenda anasema kweli, lakini afisa wa polisi aliye barabarani hana wajibu wa kuchunguza asili ya kitambaa. Nunua rangi ya kaki, ya majani makavu au ya udongo. Wanyama hawatamtambua, na serikali haitamkamata.

Kuhusu bunduki hakuna haja ya maelezo marefu. Silaha haitolewi zawadi kama soksi. Anayeimiliki sharti awe na cheti kwa jina lake, na sheria ya silaha haiisamehi bunduki ya hewa. Droni nayo, ambayo vijana wengi huitamani kwa sababu ya picha za angani, imo chini ya kanuni za mwaka 2020 za mamlaka ya usafiri wa ndege, na kuirusha ndani ya mbuga bila idhini ni kujitafutia balaa.

Baada ya kuondoa hayo yote, kinachobaki ni kingi na kizuri. Lau ningeulizwa nitaje kitu kimoja tu, ningetaja darubini ya macho mawili. Ndicho chombo kilichochukua nafasi ya bunduki. Hata hivyo, ndicho chombo ambacho wanunuzi hudanganywa zaidi, na inafaa kukielewa.

Kila darubini huwa imeandikwa tarakimu mbili, mathalan 8x42. Ya kwanza huonyesha ni mara ngapi kitu huvutwa karibu. Ya pili ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita. Wanunuzi wengi huitazama ya kwanza tu na kudhani kwamba kubwa ndiyo bora. Sivyo. Kadiri darubini inavyovuta zaidi, ndivyo mtetemo wa mkono unavyokuzwa pia, na ndivyo sehemu inayoonekana inavyopungua. Ndege huwa ameshahama tawi kabla hujampata. Mara nane humtosha mtu anayesimama kwa miguu yake, na mara kumi ni kwa mwenye mkono thabiti.

Sasa gawanya tarakimu ya pili kwa ya kwanza. Arubaini na mbili kwa nane ni zaidi kidogo ya tano, na hiyo ndiyo milimita ya mwangaza unaofika kwenye jicho. Darubini ndogo ya 10x25, ile inayotosha mfukoni, hutoa mbili na nusu pekee. Saa sita mchana hutaona tofauti kubwa. Lakini mnyama hana miadi nasi saa sita mchana. Chui huonekana alfajiri na magharibi, saa ambazo mboni ya jicho hupanuka ikitafuta nuru, na hapo ndipo darubini ya mfukoni hugeuka kuwa giza lililovutwa karibu.

Ukiona kidude kinachoenea kiganjani kilichoandikwa kwamba huvuta mara 60, kiache hapo hapo. Darubini ya kweli ijaribu mlangoni pa duka, si kaunta. Tazama ubao wa jengo la mkabala kwa dakika nzima. Unapaswa kuona duara moja, si mawili yanayopishana. Ikiwa kichwa kinaanza kuuma, vioo havijalingana na kila safari itakuwa adhabu. Iwapo mpokeaji huvaa miwani, hakikisha vikombe vya mpira vya machoni vinaweza kushushwa.

Darubini bila kitabu ni nusu ya zawadi. Kenya ina zaidi ya spishi 1,100 za ndege, na hakuna awezaye kuzikariri. Kitabu cha Terry Stevenson na John Fanshawe kuhusu ndege wa Afrika Mashariki kimekuwa mkononi mwa watazamaji tangu mapema miaka ya 2000, na kile cha Jonathan Kingdon cha mamalia wa Afrika, kilichotoka mwaka 1997, ni hazina kwa apendaye kujua tofauti ya swara huyu na yule. Vyote ni vya Kiingereza, jambo ambalo sisi tunaoishi kwa Kiswahili tuna haki ya kulilalamikia.

Asiye na nafasi ya vitu nyumbani mlipie ada ya uanachama. Nature Kenya, chama kilichotokana na jumuiya ya wanasayansi iliyoanzishwa mwaka 1909, ndicho chenye matembezi ya Jumatano asubuhi ya kutazama ndege yaliyoanza mwaka 1971. Mpanda milima naye ana Mountain Club of Kenya, iliyoundwa mwaka 1949. Mkazi wa Muthangari hana hata haja ya kusafiri mbali: bustani ya miti ya Arboretum, iliyoanzishwa mwaka 1907, iko karibu, na msitu wa Karura, ambao Wangari Maathai na wenzake walipigwa wakiutetea Januari 1999, unafikika kwa matatu.

Viatu ni zawadi nzuri yenye mtego. Toi na Gikomba huuza mabuti ya kupandia milima kwa bei ya chini sana kuliko dukani, na mengi ni imara. Ila soli za aina fulani huoza kwa ndani zikikaa kabatini miaka mingi, hata kama kiatu hakijavaliwa. Zibonyeze kwa kidole gumba, kisha ukunje kiatu. Ukiona nyufa au unga, rudisha. Mpokeaji akiachwa na soli katikati ya Nyandarua, atakukumbuka kwa njia usiyoitaka. Vilevile pawe na nafasi mbele ya vidole, maadamu kuteremka ndiko huvunja kucha, si kupanda.

Kwa mwenye bajeti ndogo, chupa ya maji ya chuma yatosha. Tangu Juni 5, 2020, plastiki za kutumiwa mara moja zimepigwa marufuku katika mbuga, misitu na fuo zilizohifadhiwa, kwa hivyo chupa hiyo itatumika kila safari. Tochi ya kufungwa kichwani nayo haikosi kazi, hasa umeme unapopotea mjini.

Na kwa yule ambaye damu ya uwindaji haijatulia, anayetaka kunyatia, kusubiri na hatimaye kupata, lipo lango moja ambalo sheria haijalifunga. Samaki aina ya trauti waliletwa kutoka ng’ambo mwaka 1905 na kutiwa katika mito baridi ya Nyandarua, na hadi leo wapo huko na katika mito ya Mlima Kenya. Huvuliwa kwa ufito mwembamba na chambo bandia kilichofungwa kwa uzi na manyoya kikafanana na mdudu. Trauti huona kivuli cha mtu mapema na kutoweka, hivyo mvuvi hulazimika kuinama na kunyata kama mwindaji wa kale. Mnunulie ufito huo, na leseni ya uvuvi iwe tayari ndani ya bahasha ya kadi.