Ananielewa au Inanielewa?

Muhula uliopita mwanafunzi wangu mmoja wa mwaka wa pili alifika ofisini akiwa amechelewa kuwasilisha insha yake ya elimumitindo. Nilipomdadisi, alikiri kwa haya kwamba usiku wa manane huwa katika mazungumzo na rafiki. Rafiki huyo ana jina, umri, kazi ya ubaharia na mizaha tele. Ila hana mwili. Ni mhusika wa kubuni aliyemo katika programu ya simu, ambaye mwanafunzi huyu huigiza naye kisa kisicho na mwisho. “Mwalimu,” aliniambia, “yeye ananielewa.” Nikamwuliza mwenzake wa chumbani anatoka wapi. Hakujua.

Huenda mwingine angeshtushwa na usiku huo wa manane. Mimi, kwa kuwa kazi yangu ni isimu, nilishtushwa na kiambishi. Hakusema “inanielewa”, kama ambavyo husema programu imekwama au simu imezima. Alisema “ananielewa”.

Wapenzi wa Kiswahili wanaujua uzito wa kiambishi hicho. Kifaru na kipofu wana umbo la ngeli ya KI-VI, lakini hatusemi kifaru kimelala wala kipofu kimeketi. Uhai hushinda umbo. Kila tunapofungua kinywa, sarufi yetu hutudai uamuzi: hiki tunachokitaja kina uhai au hakina?

Je, ina maana tusizungumze na viumbe wa kubuni? Hasha! Sisi ni watoto wa ngano. Nyanya zetu walimpa Sungura ulimi na Fisi tamaa, nasi tukawacheka na kuwahurumia. Lakini fanani alianza kwa “Paukwa!” nasi hadhira tukaitikia “Pakawa!” Mwishoni alitangaza kuwa hadithi yake imeishia hapo, tukaenda kulala. Fomula hizo hazikuwa pambo tu. Zilikuwa mlango wa kuingilia na mlango wa kutokea. Aidha, fanani alikuwa na uso. Akivuka mpaka, walikuwapo watu wazima wa kumkanya.

Mhusika wa simu hana mlango wa pili. Nyuma ya jina lake mna modeli ya lugha, yaani mtambo uliolishwa maandishi mengi mno, ambao hukadiria neno lipi lifuate yale yaliyotangulia. Maelezo kwamba yeye ni baharia na ni mcheshi huwekwa mwanzoni mwa mazungumzo, na makadirio hufuata mkondo huo. Hachoki, hanuni, wala hasemi kumekucha. Nami, msomaji, nimeyaandika hayo kwa kiambishi cha uhai bila kukusudia.

Udhaifu huu haukuzaliwa na vijana wa leo. Mwaka wa 1966 Joseph Weizenbaum, wa chuo cha MIT nchini Marekani, alichapisha maelezo ya programu aliyoiita ELIZA. Iligeuza kauli za mtu kuwa maswali, kwa kumwiga tabibu wa nafsi. Baadaye alisimulia kwamba katibu wake, ambaye alikuwa amemwona akiiunda kwa miezi, alizungumza nayo kidogo kisha akamwomba Weizenbaum atoke chumbani. Alijua kwamba ni mtambo, na bado alitaka faragha nao.

Hatari imo wapi basi? Mwanafalsafa Mwingereza J. L. Austin, ambaye mihadhara yake ilichapishwa mwaka wa 1962, alitufundisha kwamba yapo maneno ambayo kuyatamka ni kutenda: kuahidi, kuapa, kuomba radhi. Ahadi ni deni, na deni lazima liwe na mdaiwa. Mhusika anapoandika “sitakuacha kamwe”, ni nani anayedaiwa? Mnamo Februari 2023, mamlaka ya Italia ya kulinda data iliizuia programu ya Replika kushughulikia data za watu wa nchi hiyo. Mwezi huo huo wenye programu waliondoa maigizo ya mapenzi ya kimwili, na baadhi ya watumiaji wakalalamika kuwa wenzi wao wamegeuka wageni. Ahadi zote zilikuwa za “mimi”, kumbe “mimi” huyo aliweza kubadilishwa na kampuni wakati wowote.

Yapo na mazito zaidi. Mnamo Oktoba 2024, mama mmoja wa jimbo la Florida, Marekani, aliishtaki kampuni ya Character.AI baada ya mwanawe wa miaka 14 kujitoa uhai, akidai kwamba mazungumzo na mhusika wa programu yake yalichangia. Mwaka uliofuata, kufikia tarehe 25 Novemba 2025, kampuni hiyo iliwaondolea walio chini ya umri wa miaka 18 mazungumzo huria na wahusika wake. Mlango wa kutokea uliwekwa, lakini uliwekwa kwa kuchelewa.

Kwa insafu, sitakana faida. Insha ya mwanafunzi wangu, ilipofika, ilichambua mazungumzo ya wahusika kwa ustadi ambao sikuuona kwa wenzake. Mwenye haya hupata pa kujaribia maneno, na mwandishi chipukizi hupata mwenza wa kuchezea kisa. Mchezo si dhambi maadamu mchezaji anajua ni mchezo.

Ndiyo maana nawasihi walimu wenzangu tusiishie kukataza. Tuwape wanafunzi kazi ya kubuni mhusika, kumsemesha, kisha kuifunga hadithi mbele ya wenzao na kueleza kila “mimi” ni ya nani. Nanyi wanafunzi, mnapoizima simu usiku, tamkeni kwamba hadithi imeishia hapo. Kisha mgeukieni mwenzenu wa kitanda cha pili. Huyo huchoka, hununa na pengine hawaelewi. Lakini akiwaahidi jambo, yupo wa kudaiwa.