Kuchagua Kioo cha Usalama kwa Nyumba na Maduka

Katika mji wa Chato, kama ilivyo katika miji mingine ya Mkoa wa Geita, sura ya majengo inabadilika. Fedha itokanayo na madini, pamba na uvuvi wa Ziwa Victoria imejenga maduka, nyumba za kulala wageni na makazi ambayo milango yake ni kioo kitupu tangu juu hadi sakafuni. Kioo huingiza mwanga na kulipendezesha jengo. Hata hivyo, mlango wa kioo ni mahali ambapo mtoto anayekimbia, mgeni aliyebeba mzigo au mzee asiyeona vizuri huweza kujigonga. Kama atainuka na mchubuko au atakimbizwa hospitali, jambo hilo hutegemea sana aina ya kioo kilichochaguliwa siku ya manunuzi. Makala haya yanamwelekeza mlaji namna ya kuchagua, kutambua na kupokea kioo cha usalama.

Aina tatu za kioo

Kioo cha kawaida hupasuka na kuwa vigae virefu vyenye ncha, ambavyo huweza kukata mshipa wa mkono au wa shingo. Kinafaa kwa fremu za picha na madirisha madogo yaliyo juu. Hakifai kwa mlango.

Kioo cha tempa ni kioo cha kawaida kilichopashwa joto tanurini hadi kupita nyuzi 600 za Selsiasi, kisha kikapozwa ghafla kwa hewa inayopulizwa kwa nguvu pande zote mbili. Uso wake huganda kwanza. Sehemu ya ndani inapopoa baadaye, hunywea na kuuvuta uso, nao hubaki umebanwa daima. Kwa kuwa ufa haufunguki kwa urahisi mahali palipobanwa, kioo hiki huwa na nguvu takriban mara nne hadi tano ya kioo cha kawaida chenye unene uleule. Kikizidiwa, mkazo wote huachiliwa kwa pamoja na kioo kizima hugeuka punje ndogo zisizo na ncha ndefu. Aliyewahi kuona dirisha la ubavuni mwa gari limevunjika barabarani amekwisha kuziona punje hizo.

Kioo cha laminesheni ni vioo viwili au zaidi vilivyogandamanishwa kwa utando wa plastiki katikati. Kikivunjika, vipande hubaki vimeshikwa na utando, kama inavyotokea kwa kioo cha mbele cha gari.

Kila kioo na mahali pake

Kwa milango, kuta za kioo zinazofika sakafuni, vizimba vya bafu na meza, tunashauri kioo cha tempa au cha laminesheni.

Kwa kingo za roshani, kingo za ngazi za ghorofani na paa la kioo, tunashauri laminesheni, hasa ile iliyotengenezwa kwa vioo vya tempa. Kioo cha tempa pekee kikivunjika hupukutika chote: aliyeegemea hubaki bila kizuizi, na apitaye chini huangukiwa na punje.

Kwa duka linalohofia wezi, laminesheni ndiyo yenye kuwachelewesha. Kioo cha tempa hustahimili kusukumwa na kugongwa na mwili, lakini chuma chenye ncha huweza kukivunja kwa pigo moja.

Namna ya kukitambua

Kwa macho, kioo cha tempa na cha kawaida hufanana, na hapo ndipo mlaji huweza kulipishwa bei ya kile akapewa hiki. Kanuni ya kwanza ni hii: kioo cha tempa hakikatwi wala hakitobolewi. Kazi zote za kukata, kutoboa matundu ya bawaba na kitasa, na kusugua kingo hufanyika kabla ya kuingia tanurini. Baada ya hapo, anayejaribu kukikata atakivunja chote. Kwa hiyo, fundi akichukua bamba la kioo dukani na kulikata kwa vipimo vyako mbele ya macho yako, kioo hicho si cha tempa, hata kama kimeitwa hivyo.

Pili, tafuta alama ya kudumu kwenye pembe ya kioo, inayotaja aina yake na aghalabu mtengenezaji au kiwango kilichofuatwa. Alama hiyo haikwanguliki kwa ukucha. Karatasi iliyobandikwa haitoshi kuwa uthibitisho.

Tatu, ukikitazama mchana kwa miwani ya jua aina ya polaroidi, kioo cha tempa mara nyingi huonyesha mabaka au mistari hafifu.

Vipimo, safari na upokeaji

Mlaji wa Chato anayeagiza kioo cha tempa kutoka Mwanza au Dar es Salaam akumbuke kwamba kosa la sentimita moja halirekebishiki, kwa kuwa kioo hakipunguzwi. Vipimo vichukuliwe baada ya plasta na vigae vya sakafu kukamilika, viandikwe na kutiwa saini na pande zote mbili.

Uzito nao uzingatiwe. Kila mita ya mraba ya kioo huwa na kilo 2.5 kwa kila milimita ya unene. Mlango wa milimita 10, wenye upana wa mita 0.9 na urefu wa mita 2.1, huwa na uzito wa kilo 47 hivi. Bawaba na fremu ziwe za kuumudu.

Kioo kisafirishwe kikiwa kimesimama, kingo zake zikiwa zimekingwa, kwa sababu kingo ndizo udhaifu wake. Kikaguliwe kabla ya kushushwa. Kingo iliyomeguka ni sababu tosha ya kukikataa, maana kioo hicho huweza kuvunjika ghafla siku za baadaye. Mara chache, chembe za nikeli salfaidi zilizonaswa ndani huvunja kioo cha tempa pasipo kuguswa. Kwa vioo vikubwa, muulize muuzaji kama vilipashwa joto tena kiwandani ili vile dhaifu vivunjike hukohuko.

Kama kioo cha kawaida kimekwisha kuwekwa

Si lazima kubomoa leo. Bandika utando wa usalama unaoshika vipande, weka mkono wa chuma au mbao katikati ya mlango, na tia alama zinazoonekana katika kimo cha mtu mzima na cha mtoto.

Haki yako

Dai risiti ya mashine ya kielektroniki, yenye kutaja aina ya kioo na unene wake. Neno "kioo" peke yake halitakusaidia ukidanganywa. Malalamiko kuhusu udanganyifu wa muuzaji hupelekwa Tume ya Ushindani (FCC), inayosimamia Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003. Yahusuyo ubora hupelekwa Shirika la Viwango Tanzania (TBS), lenye ofisi ya Kanda ya Ziwa jijini Mwanza. Tunza risiti, karatasi ya vipimo na picha ya alama ya pembeni. Kioo kikivunjika, usifagie kabla ya kupiga picha ya vipande, kwani umbo lake huonyesha kilikuwa kioo cha aina gani.