Kesi Yangu na Bwana Delamere

Nianze kwa kukiri. Ni kweli Jumamosi ile niliondoka kwenye chai ya wazazi kabla keki haijakatwa, tena bila kuaga. Waliosambaza kwenye kundi la WhatsApp kwamba "Mama Naomi kawagombeza wazungu" hawakusema uongo wote, ila chanzo hawakukieleza. Wapare tunasemwa kwamba tuko radhi kuuza ng'ombe ili tushinde kesi ya kuku. Haya, kesi yangu hii hapa, na safari hii ni ya ng'ombe wenyewe.

Tunaishi Cheshire, kaskazini magharibi mwa Uingereza. Mwezi uliopita darasa la Naomi lilipelekwa kutembea Delamere Forest, akarudi na matope hadi magotini na karatasi yenye jina la msitu. Nikashtuka. Delamere? Mtu aliyewahi kusafiri Nairobi kwenda Nakuru anaijua Delamere ya pale Naivasha, gari linaposimama abiria washuke kununua mtindi. Nilidhani ni majina kufanana tu.

Kwenye chai nikamuuliza mzee mmoja anayependa historia ya hapa. Akafurahi kupata msikilizaji. Akasema ndiyo, Bwana Delamere alitoka hapa hapa, akaenda Kenya, "akawafundisha watu wa kule kufuga ng'ombe." Nilikuwa na kikombe mkononi. Nikakiweka chini. Nikaanza kumjibu, na katika kujibu nikalitaja jina la ukoo wa huyo bwana, Cholmondeley, nikilisoma kama lilivyoandikwa, silabi kwa silabi. Meza nzima ikacheka.

Kumbe linasomwa "Chamli".

Hapa naomba tutulie kidogo, maana ndipo penye kidonda. Cholmondeley ina herufi 12, na karibu nusu yake hazina kazi, zimekaa tu kama wageni wa harusini wasiojulikana ni wa upande gani. Na si jina hilo peke yake. Leicester ni "Lesta". Worcester ni "Wusta". Kuna ukoo unaoandikwa Featherstonehaugh, ukitakiwa useme "Fansho". Nimekaa nchi hii miaka kumi na mmoja, na nilichojifunza ni kwamba hakuna atakayekuonya mapema. Wanakuacha uingie mzima mzima, ukosee mbele ya watu, ndipo wakurekebishe kwa tabasamu. Ni kama mlango wenye kitasa kilichofichwa: wa nyumbani wanajua kilipo, mgeni anabaki anapapasa.

Kijiji chetu Upareni ni Ngujini; ukiandika Ngujini unasoma Ngujini. Msimamizi wangu kazini anasema "Inigujini" mwaka wa sita sasa, na sijamcheka hata siku moja.

Turudi kwenye ng'ombe. Hugh Cholmondeley alizaliwa mwaka 1870 katika ukoo uliokuwa na jumba la Vale Royal, Cheshire. Cheo cha Baron Delamere alipewa babu yake mwaka 1821, na yeye alikirithi mwaka 1887 akiwa na miaka 17. Ujana wake aliumalizia kuwinda simba nchi ya Wasomali, mpaka simba mmoja akamtafuna mguu akabaki anachechemea maisha yake yote. Kutoka huko akashuka kusini, akafika nyanda za juu za Kenya mwaka 1897, na akapapenda.

Mwaka 1903 serikali ya kikoloni ilimkodisha ekari 100,000 huko Njoro kwa miaka 99, kodi pauni 200 kwa mwaka. Akapaita Equator Ranch. Ili mwone ukubwa wake: Delamere Forest yote, ule msitu uliomrudisha mwanangu na matope, una ekari 2,400 hivi. Unaingia katika shamba la Njoro zaidi ya mara 40.

Sasa mwalimu wetu wa ufugaji akaanza kazi. Aliagiza madume ya kizungu kwa meli. Homa ya mapafu ikawapiga, magonjwa ya kupe yakawapiga, na waliosalia wakadhoofu huku wakila majani yaliyowafika tumboni. Ardhi ya pale ina upungufu wa madini, majani yake ni mazuri kwa macho tu. Wamasai walijua. Hawakuwa wakikaa na mifugo yao pale kwa muda mrefu. Kondoo nao wakafa. Akageukia ngano, kutu ikaila ngano, akafungua maabara shambani kwake kwa fedha zake ili apate mbegu inayohimili. Hapo namsifu, alikuwa king'ang'anizi kama Mpare. Mwaka 1908 akaanzisha kampuni ya kusaga, na jina alilolipa ni la Kiswahili: Unga. Linasomwa kama lilivyoandikwa.

Kilichomwokoa ni shamba la pili, Soysambu, kando ya Ziwa Elmenteita, alilolipata mwaka 1906. Jina lenyewe ni la Kimaa, mwamba wenye madoa kama ya ng'ombe wa rangi mchanganyiko. Pale mifugo ilikubali. Lakini ilikubali vipi? Alichanganya damu ya madume yake na ya ng'ombe wa wenyeji, akapandisha kondoo wa merino kwa kondoo wa Kimasai, na wachungaji aliowategemea walikuwa Wamasai. Kwa hiyo namuuliza mzee wangu wa chai: nani hapo alikuwa darasani, na nani alishika chaki?

Na ardhi ilipatikanaje? Mkataba wa 1904 uliwaondoa Wamasai katika malisho ya Bonde la Ufa, sehemu yao wakapelekwa Laikipia kwa ahadi kwamba makubaliano yangedumu maadamu Wamasai wapo duniani. Ahadi ilidumu miaka saba. Mwaka 1911 ukaja mkataba mwingine, nao wakahamishwa tena kwenda kusini. Wakaenda mahakamani, jambo ambalo mtu wa kwetu lazima aliheshimu. Mwaka 1913 wakashindwa: mahakama ilisema ule ni mkataba baina ya dola na dola, haina mamlaka nao. Yaani siku ya kuhamishwa walikuwa raia wa kuamriwa, siku ya kushitaki wakawa taifa la kigeni.

Gharama za ranchi zilimla mwenyewe pia. Jumba la Vale Royal akalipangisha, na alipofariki mwaka 1931 alikuwa na deni la benki la pauni 500,000. Leo Vale Royal ni klabu ya gofu. Soysambu lakini imebaki mikononi mwa familia, kutoka baba kwenda mwana kwenda mjukuu. Sanamu yake iliyosimama Nairobi, kwenye Delamere Avenue ambayo sasa ni Kenyatta Avenue, iliondolewa baada ya uhuru ikapelekwa shambani. Tangu 2007 ekari kama 48,000 ni hifadhi yenye twiga na ndege wa ziwani, huku ng'ombe wakiendelea kulishwa. Na Wakenya watanidai nisipotaja kwamba mwaka 2009 kitukuu wake, Tom, alitiwa hatiani kwa kuua bila kukusudia, baada ya mtu mmoja, Robert Njoya, kupigwa risasi shambani humo. Alihukumiwa kifungo cha miezi minane.

Nilikuwa nieleze pia habari za ushirika wa maziwa wa KCC, ulioanza 1925, lakini wanangu hawakuniacha. Nilipokuwa nawasimulia haya mezani, Elia, mwenye miaka saba, alikuwa na swali moja tu: simba aliula mguu wote au aliuonja? Naomi naye alichukua kalamu akapiga hesabu ya 100,000 kugawa kwa bustani yetu ya nyuma. Bustani yenyewe ni kama mkeka wa watu wanne, hesabu ikamshinda, akalia, akasema mama ndiye kaanzisha. Nikampigia video babu yao Ngujini ili watulie.

Babu alikuwa bandani. Simu akaiegemeza kwenye debe la pumba, tukamwona anakatakata mgomba kwa panga, ng'ombe wawili wamenyoosha shingo wanamsubiri. Elia akamwambia habari za mtu aliyekuwa na ng'ombe wengi kuliko watu wa Ngujini wote. Babu hakuacha kukata.

"Majani alikuwa anakata mwenyewe?"

"Hapana, babu. Alikuwa na watu."

"Basi hao watu ndio walikuwa wanafuga," akasema, akamsogezea ng'ombe mmoja sahani ya pumba.

Naomi akafuta machozi akauliza ng'ombe yupi ana mimba. Babu akageuza simu, tukaona tumbo. Baada ya hapo historia iliisha kabisa, ikawa ni ndama: atazaliwa lini, atakuwa dume au jike, nani atampa jina. Waligombana dakika ishirini kwa salio langu.

Kwa mzee wa chai: keki ya mwezi ujao naleta mimi, na hoja zangu naja nazo. Kwa waliosambaza habari: mmeusikia upande wa pili.

Ndama alizaliwa juzi, ni jike. Wanangu wamemwita Chamli, na babu yao amemwandika kwenye daftari la chanjo kama alivyosikia, kwa herufi sita.