Kabla Hujalipia Intaneti Kubwa Zaidi, Pima Uliyo Nayo

Ni saa mbili usiku. Mtoto mmoja yuko kwa YouTube, mwingine anapakua gemu, mzee anatazama mechi, na wewe unataka kununua tokeni za stima kwa app. Kale kaduara kanazunguka tu. Wengi wetu hapo huamua kwamba intaneti ni ndogo, na mwezi ukifika tunatuma pesa zaidi kwa paybill ileile tupate kifurushi kikubwa. Pesa inatoka, na kaduara bado kanazunguka.

Tungependa upime kwanza. Kupima ni bure na hakuchukui hata dakika mbili: fungua fast.com kwenye simu au kompyuta, au tumia programu ya Speedtest. Shida huja kwa kupimia mahali pabaya, na kwa kusoma namba vibaya.

Tuanze na namba. Kifurushi cha 10 Mbps hakikupi megabaiti 10 kwa sekunde. Hiyo b ndogo ni biti, na biti 8 ndizo hufanya baiti 1. Kwa hivyo 10 Mbps ni kama megabaiti 1.25 kwa sekunde, na filamu ya GB 1 itachukua zaidi ya dakika 13 kupakua hata kila kitu kikiwa sawa. Simu ikikuandikia 1.2 MB/s, usipigie watu simu kwa hasira. Umepata karibu yote uliyolipia. Tena namba ndogo hufanya kazi kubwa kuliko tunavyodhani. Netflix hupendekeza 5 Mbps kwa picha ya 1080p, na 15 Mbps kwa 4K. Malipo kwa app hutumia data kidogo sana ukilinganisha na video. Yakikwama, angalia ile namba ya milisekunde inayoitwa ping, yaani muda wa ujumbe kwenda na kurudi. Ikiruka kutoka 20 hadi 600 kila mara, laini imesongamana au inakatika-katika, hata kama spidi ya kupakua inapendeza.

Sasa mahali pa kupimia. Ukipima ukiwa chumba cha kulala, kuta mbili za mawe kutoka kwa rauta, umepima kuta. Chomeka kompyuta kwa waya moja kwa moja kwenye rauta. Kama huna waya, simama hatua mbili kutoka hapo, na uombe wengine waachilie mtandao kidogo (hiyo ndiyo sehemu ngumu). Hakikisha simu iko kwa Wi-Fi: ikiwa iko kwa data ya simu, utapima kitu kingine kabisa, na kipimo kimoja kinaweza kula makumi ya megabaiti ya bando lako. Kisha nenda chumbani upime tena.

Tuseme umelipia 20 Mbps. Kando ya rauta unapata 19, kitandani unapata 4. Laini yako iko sawa, na hata ukilipia 40 huko kitandani hutaona tofauti ya maana. Toa rauta nyuma ya runinga, iweke juu, katikati ya nyumba. Kama inatoa Wi-Fi za aina mbili, ile ya 5 GHz ina kasi zaidi lakini haivuki kuta vizuri, ya 2.4 GHz hufika mbali, ila kwa ploti yenye vyumba vingi inapigana na za majirani wote.

Rudia kipimo asubuhi na usiku kwa siku tatu, na uhifadhi picha za skrini. Asubuhi ikiwa 19 na usiku 5, kando ya rauta na hakuna mwingine anayeitumia, basi huenda mnagawana njia moja na mtaa mzima, na kifurushi kikubwa hakina uhakika wa kukusaidia. Ikiwa 5 kutwa nzima, hupewi ulicholipia. Peleka picha hizo kwa kampuni yako, na wakikupuuza, Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya hupokea malalamiko. Kulipia zaidi kuna maana pale tu unapopata yote uliyoahidiwa na bado nyumba imejaa watu kuliko laini.

Mara nyingine kosa si lako wala la rauta. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika, na intaneti ikazorota Kenya na nchi jirani. Siku kama hiyo kipimo cha seva ya Nairobi kinaweza kuonekana kizuri huku tovuti za ng'ambo zikijikokota.

Na yale malipo yaliyokwama? Usibonyeze tena. App inaweza kupoteza intaneti baada ya ombi lako kutufikia, pesa ikawa imeshatoka. Ngoja SMS, kisha angalia salio na taarifa ya miamala. Ukiwa na haraka na hakuna kilichotoka, lipa kwa kupiga ile kodi ya nyota na reli. Hiyo hupita kwa mtandao wa simu, haihitaji Wi-Fi wala bando.